Gari linakunywa mafuta? Usikimbilie kichupa cha oktani

KASULU na Kibondo ni mbali na bandari ya Dar es Salaam, na umbali huo familia inaulipia kituoni. Katika orodha ya bei kikomo ambayo EWURA huitoa kila mwezi, lita ya petroli huku ni ghali kuliko Dar. Si ajabu basi mwenye gari dogo kushawishika anapoambiwa kuwa kichupa cha kuongeza oktani kitapunguza matumizi.

Oktani si kipimo cha nguvu. Huonyesha jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo ndani ya silinda bila kujiwasha yenyewe. Ikishindwa, injini hugonga, hasa gari likipanda mlima na mzigo. Magari mengi madogo yaliyotumika yanayotoka Japani, kama Toyota IST, yaliundwa kwa petroli ya kawaida ya huko, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 89. Kuzidisha hapo hakuongezi kilomita.

Tena miji hii miwili iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mgandamizo hupungua, na injini haigongi kirahisi kama pwani. Kwa sababu hiyo, vituo vya Colorado, jimbo la milimani huko Marekani, huuza petroli ya oktani ndogo kuliko ya majimbo ya chini.

Cha kuogopa ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo oktani yake ni ndogo mno. Injini hugonga, nguvu hupungua, dereva hukanyaga zaidi na lita zinakwisha. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana wachanganyaji. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe. Petroli ya chupa kando ya barabara haina risiti, na injini ikifa hakuna wa kumuuliza.

Kabla ya kununua kichupa, pima. Jaza tangi, andika kilomita, endesha wiki moja, kisha jaza tena kituo kile kile. Kilomita 300 kwa lita 25 ni 12 kwa lita. Zikishuka, angalia upepo wa matairi na chujio la hewa. Vumbi la kiangazi hulijaza upesi. Mwenye gari la turbo asome maandishi ndani ya mfuniko wa tangi. Yakidai oktani ya juu, huyo ndiye wa kuilipia.