Kontena la Programu na Tovuti Ndogo

Mwezi Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Faida yake ilidhihirika upesi: kwa kuwa makontena yalilingana kwa umbo, kreni iliyapakua bila kujali kilichomo ndani. Wazo hilo limeazimwa na wataalamu wa kompyuta.

Tovuti huendeshwa na programu kadhaa: moja hupokea maombi ya wasomaji, nyingine huandaa kurasa, na nyingine hutunza habari katika hifadhidata. Kila programu hutegemea programu saidizi za toleo maalumu. Ndiyo sababu tovuti iliyofanya kazi vizuri kwa mtengenezaji wake huweza kugoma ikihamishiwa katika seva, yaani kompyuta inayowahudumia wasomaji.

Kontena ni kifurushi chenye programu pamoja na visaidizi vyake vyote. Makontena yaliyo katika seva moja hutumia kwa pamoja kiini cha mfumo endeshi, kwa kawaida Linux. Kiini hicho huyatenga, kila moja lisione mafaili ya jirani yake. Docker, iliyotolewa mwaka 2013, ndiyo iliyoeneza matumizi ya njia hii.

Je, shule au chama cha ushirika chenye tovuti moja kichague mpango gani? Mfumo wa Kubernetes, uliotangazwa na Google mwaka 2014, husambaza makontena katika kompyuta nyingi na kuyasimamia. Nguvu hiyo hudai ujuzi na uangalizi mwingi. Kwa tovuti ndogo, seva moja, makontena mawili au matatu, na faili moja la maandishi linaloeleza jinsi ya kuyawasha, kama lile la Docker Compose, hutosha. Ni kweli kwamba seva hiyo ikizimika, tovuti nayo husimama. Lakini kwa wengi hasara ya saa chache huvumilika.

Isiyovumilika ni hasara ya kumbukumbu. Kontena likifutwa, yote yaliyoandikwa ndani yake hupotea. Kwa hiyo yafaa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, hifadhidata na picha ziwekwe katika diski, nje ya kontena. Pili, nakala zake zipelekwe kila siku katika kompyuta iliyo mahali pengine. Tatu, nakala hizo zijaribiwe mara kwa mara kwa kurejeshwa. Hapo seva ikiharibika kabisa, faili lile la maelezo na nakala ya jana vitatosha kuirudisha tovuti katika seva mpya.