Je, Bao Ni Mke Mwenzako?

Jioni ukipita Gungu, au ukishuka hadi Ujiji kwenye miembe, hukosi kuona wanaume wameinamia bao. Mwezi ukiwa mpevu ndiyo zaidi. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza na taa zao, hivyo mbalamwezi ikiwaka wengi hubaki nchi kavu.

Akina mama tunapotembeleana husikika wakisema, "Bao ndilo mke mwenzangu." Lakini kabla ya kulaumu, tuujue mchezo wenyewe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Katika namua huziingiza moja moja. Zikiisha, huingia mtaji. Hesabu zote ni za kichwani. Hata Mwalimu Nyerere aliupenda mchezo huu.

Kila upande una shimo moja liitwalo nyumba, lenye kete 6 mwanzoni. Mchezaji hodari haiachi nyumba yake ovyo.

Usiku mmoja wa masika tukiwa zamu, aliletwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiwa na degedege. Homa ilikuwa imeanza jana yake asubuhi. Mama alikuwa akisubiri nauli. Nauli ilikuwa mfukoni mwa baba, na baba alikuwa barazani. Kaka wa mtoto alitumwa mara mbili, akajibiwa, "Nakuja, tunamaliza hili." Tulikesha na mtoto yule, naye akapona. Kulipokucha baba alifika. Hatukumkemea. Alisema mwenyewe, "Kumbe nililinda nyumba isiyo na mtu."

Mama naye alikiri kosa. Alizoea kumwita mumewe kwa kila jambo, chumvi au mafuta ya taa, hata siku ya hatari wito wake ukaonekana ni ule ule.

Basi tushauriane. Kwanza, homa ya mtoto wa chini ya miaka mitano haingoji. Afikishwe kituoni apimwe malaria kabla ya saa 24 kupita. Akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege au akilegea asijitambue, aondoke saa ile ile, hata usiku.

Pili, nauli ya dharura ikae nyumbani, mahali wanapopajua baba na mama, wala isiguswe kwa kitoweo.

Tatu, baba na mama wapatane neno moja la kuitana wakati wa hatari tu. Likisikika, kete ziachwe zilipo.

Na bao lenyewe? Lisichomwe moto! Lije uani baadhi ya siku, watoto wajifunze kuhesabu, na mama naye afundishwe. Tumeona nyumba ambamo baba hufungwa na binti yake wa darasa la tano, na wote wakacheka.

Mama msomaji, kwenu nauli ya dharura iko wapi? Mwulize baba leo, kabla hajatoka.