Kutoka Ofisi ya Serikali Kwenda Benki: Kinachonunuliwa ni Nini?

Mwanzoni mwa mwaka 1967 Amon Nsekela alikuwa Katibu Mkuu wa Hazina ya Tanzania. Azimio la Arusha likatangazwa Februari, benki za kigeni zikataifishwa katika siku zilezile, na serikali ikahitaji mtu wa kushika usukani wa benki iliyokuwa imezaliwa, Benki ya Taifa ya Biashara (NBC). Ikamtoa Nsekela Hazina na kumkabidhi NBC. Kenya nako John Michuki, aliyekuwa Katibu wa Wizara ya Fedha, aliongoza Kenya Commercial Bank katika miaka ya 1970, baada ya serikali kununua asilimia 60 ya hisa zake mwaka 1970.

Wawili hao walibadilisha meza tu. Mwajiri alibaki serikali.

Anayehama leo anavuka kabisa kwenda sekta binafsi. Tanzania ilipitisha sheria mpya ya benki mwaka 1991, kufuatia kazi ya tume iliyochunguza sekta ya benki, Tume ya Nyirabu, na benki binafsi zikaanza kurudi. Mwaka 1996 benki ya CRDB ilibinafsishwa. Mwaka 1997 NBC kongwe iligawanywa, ikatoka benki ya NMB upande mmoja na NBC mpya upande mwingine, na hisa nyingi za NBC zikauzwa kwa benki ya ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000. Katikati ya mageuzi hayo, mwaka 1998, Charles Kimei alitoka Benki Kuu ya Tanzania akaenda kuiongoza CRDB, kazi aliyoifanya kwa miaka 20. Jina lake hutajwa sana na watumishi wanaotamani kufuata njia hiyo. Lakini wengi wanaohama hawaanzi na kiti cha mkurugenzi. Ni wahasibu wa halmashauri, maafisa ugani, maafisa manunuzi, wakaguzi wa ndani, wanasheria wa wizara na hata walimu. Swali lao ni moja: benki inanunua nini kwao?

Jibu linalosikika vijiweni ni kwamba inanunua majina. Ukimfahamu mkurugenzi wa halmashauri, utaleta akaunti. Ukimjua mkuu wa shule, utaleta walimu. Jibu hilo limepitwa na wakati. Mapema mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zake zihamishie fedha zao Benki Kuu, na benki za biashara zilizokuwa zimezoea kukalia amana hizo bila jasho zikajikuta zimebanwa na ukata wa fedha. Mwaka uliofuata ukaja mfumo wa GePG wa kukusanya mapato ya serikali, ule unaoipa kila ankara namba yake ya malipo, ambayo mitaani huitwa kontroli namba. Tangu hapo, benki inayotaka kufaidika na serikali haiwezi kukaa tu ikisubiri amana. Lazima itoe huduma: ikusanye, ilipe, iwadhamini wazabuni, iwakopeshe wakandarasi. Huduma hizo zinahitaji mtu anayejua jinsi fedha ya umma inavyotembea, hatua kwa hatua, na wapi huwa inakwama.

Tuseme mkandarasi anajenga kituo cha afya. Anafika benki na mkataba wake na halmashauri, pamoja na hati ya malipo iliyosainiwa na mhandisi. Anataka mkopo wa miezi mitatu ili alipe mafundi na kununua saruji huku akisubiri kulipwa. Afisa mikopo kijana, mwenye shahada nzuri na kompyuta nzuri, anaona saini, anaona mhuri, anaona kiasi. Kwake hati ile ni fedha inayokuja.

Mhasibu aliyekaa halmashauri miaka minane anaiona hati ileile kwa macho mengine. Anauliza kwanza fedha za mradi zinatoka wapi: mapato ya ndani, ruzuku ya serikali kuu au mfadhili? Kila chanzo kina mwendo wake. Anauliza kama kifungu cha bajeti bado kina salio. Anauliza kama madai yameshaingizwa kwenye mfumo wa malipo au bado yamo kwenye faili mezani kwa mtu. Kisha anatazama kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, na fedha ambazo hazijatumika huweza kurejeshwa Mfuko Mkuu, kwa hiyo hati ya Septemba na hati ya katikati ya Mei hazina uzito sawa hata kama zimeandikwa kiasi kilekile. Ile ya Mei inaweza kuvuka mwaka na kuanza kusubiri upya mgawo wa bajeti mpya.

Maswali hayo yana thamani ya fedha taslimu. Mkopo wa miezi mitatu unaotegemea malipo yatakayofika baada ya miezi minane utaharibika bila mtu yeyote kuiba. Marejesho yakichelewa siku 90, mkopo huhesabiwa kuwa chechefu, na benki hulazimika kutenga sehemu ya faida yake kufidia hasara inayotarajiwa. Tanzania imelionja hilo: mwaka 2017 mikopo chechefu ilipita asilimia 10 ya mikopo yote ya benki, mara mbili ya asilimia 5 ambayo Benki Kuu huichukulia kuwa kikomo cha usalama. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa imeshuka chini ya kikomo hicho. Mtumishi anayeweza kueleza kwenye usaili kwa nini hati ya Mei ni ya hatari ameshajitambulisha vizuri kuliko yule anayeorodhesha wakubwa anaowafahamu.

Kilimo ni uwanja mwingine wa namna hiyo. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuzipunguzia sharti la akiba ya lazima benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, iliyozinduliwa mwaka 2015, nayo huzidhamini benki nyingine ili zithubutu kuwakopesha wakulima. Fedha zipo, ila anayeidhinisha mkopo wa mahindi lazima ajue kwamba mkulima wa Mbozi hawezi kulipa rejesho kila mwezi kama mwenye duka. Kipato chake huja kwa msimu. Lazima ajue pembejeo zinahitajika lini, mavuno huuzwa lini, na bei huanguka lini kwa sababu kila mtu anauza kwa wakati mmoja. Afisa ugani anayajua hayo bila kufungua kitabu. Anachokosa ni upande wa hesabu: kusoma mtiririko wa fedha, kupima dhamana, kuandika pendekezo linaloweza kusimama mbele ya kamati ya mikopo. Upande huo hufundishika kwa muda mfupi kuliko ule wa shamba, na ndiyo maana benki yenye akili humchukua.

Wapelelezi, wakaguzi na maafisa wa kodi nao wana mlango wao. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa na kikosi cha kimataifa cha FATF kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kudhibiti utakatishaji fedha, ikatolewa Juni 2025. Kenya iliingia Februari 2024. Orodha hiyo huzilazimisha benki kuimarisha vitengo vya uzingatiaji, na mtu aliyezoea kufuatilia nyaraka hadi kumpata mmiliki halisi wa kampuni ni wa thamani huko.

Ugumu wa kuhama uko kwenye malengo. Ofisini serikalini mtumishi hupimwa zaidi kwa kufuata utaratibu: kanuni inaruhusu, fedha imeidhinishwa, faili limekamilika. Benki nayo ina kanuni, tena nyingi, lakini juu yake kuna namba ya kufikia kila mwezi: amana mpya, mikopo mipya, madeni yaliyokusanywa. Namba hiyo haisikilizi udhuru wa mvua wala wa uchaguzi. Wapo watumishi hodari walioacha benki ndani ya mwaka mmoja, na si kwa sababu kazi iliwashinda akili. Hawakuwa wameambiwa kwamba Jumatatu asubuhi meneja atasoma matokeo ya kila mmoja mbele ya wenzake. Hilo linafaa kuulizwa mapema, kwa mtu anayefanya kazi kwenye tawi lenyewe, kwa sababu tangazo la ajira halitalisema.

Na kuna mstari ambao mwandishi wa safu hii anauona mzito kuliko malengo yote. Afisa utumishi anayehamia benki anaondoka na ujuzi wa mishahara, na huo ni wake. Akiondoka na orodha ya walimu wa wilaya, cheki namba zao na mishahara yao, ili benki yake mpya iwapigie simu kuwauzia mikopo, hapo amechukua mali ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za orodha kama hiyo zinalindwa nayo waziwazi. Meneja anayeidokeza kwenye usaili anamwonyesha mwombaji aina ya benki anayoingia. Suala la mpaka kati ya utumishi na benki limewatikisa hata wakubwa wa dunia: José Manuel Barroso, Rais wa zamani wa Kamisheni ya Ulaya, alipojiunga na Goldman Sachs mwaka 2016 muda wake wa lazima wa kusubiri, miezi 18, ulikuwa umekwisha, lakini malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliongeza muda huo kwa rais wa Kamisheni hadi miaka mitatu. Mtumishi wa kawaida hana sharti la namna hiyo, lakini anaweza kujiwekea la kwake: kuomba kwa maandishi asipangiwe kuhudumia ofisi aliyotoka katika kipindi cha mwanzo. Ombi hilo humlinda yeye na benki pia.

Halafu fedha mkononi. Tuchukue mtumishi wa Tanzania mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,500,000 anayeahidiwa 1,800,000 benki. Nyongeza inaonekana ni 300,000. Lakini PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma ulioundwa mwaka 2018, humkata mwanachama asilimia 5 na mwajiri huchangia 15. Kwenye NSSF ya sekta binafsi, mgawanyo wa kawaida ni 10 kwa 10. Makato yake ya hifadhi yanapanda kutoka 75,000 hadi 180,000. Kila shilingi inayozidi milioni moja hukatwa kodi ya asilimia 30. Ukikamilisha hesabu kwa viwango vya kodi vya kuanzia Julai 2021, mshahara wa zamani unabaki 1,169,500 na mpya 1,306,000, kabla ya bima ya afya na makato mengine. Tofauti ni 136,500. Akiwa bado analipa mkopo wa elimu ya juu, unaokatwa asilimia 15 ya mshahara, tofauti inashuka hadi 91,500. Posho na bonasi zinaweza kuipandisha tena, basi ziandikwe kwenye barua ya ajira.

Hifadhi ya uzeeni yenyewe haipotei. Pensheni Tanzania huhitaji miezi 180 ya uchangiaji, na upo utaratibu wa kujumlisha vipindi vya mifuko miwili, kwa hiyo aliyechangia miezi 150 PSSSF haanzi sifuri NSSF. Cha kufanya ni kuchukua taarifa ya michango kabla ya kuondoka na kuhakikisha hakuna mwezi uliorukwa. Pengo hurekebishwa kwa urahisi zaidi mtu akiwa bado ofisini kuliko akiwa mgeni wa zamani anayebisha hodi masjala. Kwa Kenya mambo yalibadilika Januari 2021, ulipoanza mfuko ambao mtumishi wa umma huchangia asilimia 7.5 na serikali 15. Kabla yake, aliyejiuzulu mapema angeweza kuondoka bila pensheni, na hofu hiyo iliwafunga wengi.

Mkopo wa mshahara ndio unaosahaulika. Watumishi wengi wana makato ya benki yanayobakiza theluthi moja ya mshahara, kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Wakiacha kazi, makato yanakoma lakini deni halikomi, na benki iliyokopesha ina haki ya kudai salio. Benki mpya wakati mwingine hukubali kulinunua deni hilo kwa riba nafuu ya wafanyakazi wake. Ni neema, ila riba hiyo hudumu kadiri ajira inavyodumu, na anayeondoka hurudishiwa riba ya soko.

Ajira hiyo huanza na majaribio, ambayo kwa kanuni za Tanzania hayapaswi kuzidi miezi 12. Mwajiriwa mwenye chini ya miezi sita kazini hapati ulinzi wa kifungu cha sheria kinachozuia kuachishwa isivyo haki. Kwa mtu aliyetoka kwenye ajira ambayo kumwondoa mtumishi huhitaji mashtaka ya nidhamu na rufaa, hiyo ni hali mpya kabisa. Nchini Kenya Mahakama ya Ajira iliamua mwaka 2021 kwamba hata aliye kwenye majaribio ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa. Kwa upande wa Tanzania, mwombaji anaweza kuomba miezi yake ya majaribio iwe michache na vigezo vitakavyompima viandikwe kwa namba: amana kiasi gani, mikopo mingapi, kufikia tarehe ipi. Anaweza pia kuomba kupelekwa kwenye kitengo kinachohudumia wakandarasi au kilimo, mahali ambapo aliyoyajifunza serikalini yataonekana mapema, badala ya kuwekwa kuuza mikopo ya watu binafsi akishindana na vijana walioifanya kazi hiyo tangu chuoni.