Mkanda wa Tumbo na Upumuaji Baada ya Jeraha la Uti wa Mgongo
Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya chini ya shingo kwa kawaida huvuta hewa nyingi zaidi akilala chali kuliko akiketi, kinyume na asiye na jeraha. Misuli yake ya tumbo imepooza. Akiketi, viungo vya tumboni husogea mbele, nacho kiwambo, msuli mkuu wa pumzi uliombakia, hushuka na kupoteza umbo lake la kuba. Mkanda huvirudisha viungo hivyo ndani na kukiinua kiwambo. Shinikizo la damu nalo huweza kutengemaa. Lakini suala zito ni mahali unapofungwa, wala si kukaza tu: ukipanda juu ya mbavu za chini huzizuia kutanuka, na pumzi iliyotafutwa hupotea. Aidha, kwa kuwa ngozi imekosa hisia, mkunjo mdogo waweza kuleta kidonda bila mwenyewe kujua. Hivyo mkanda hufunguliwa alalapo, ngozi ikakaguliwa.