Ndege kubwa ilipokwama Kisongo: Mzazi, ungefanya nini?

Arusha. Mkazi wa Themi anaishi katikati ya viwanja viwili vya ndege. Magharibi, ukishika barabara ya Dodoma, upo Uwanja wa Ndege wa Arusha pale Kisongo, unaotumiwa na ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti na abiria wa Zanzibar. Mashariki, ukishika barabara ya Moshi, upo Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), zinakotua ndege kubwa za kutoka nje.

Mchana wa Desemba 18, 2013, ndege iliyokuwa ikienda KIA ilitua Kisongo.

Ilikuwa Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, imetoka Addis Ababa na watu zaidi ya 200. Taarifa zilizotolewa siku zile zilieleza kuwa ndege ndogo ilikuwa imeharibika na kuziba njia ya kurukia ndege pale KIA. Njia za viwanja hivi viwili zinafanana kwa mwelekeo, zote mashariki na magharibi, na zimeandikwa namba zilezile, 09 na 27. Ila ya KIA ina urefu wa mita 3,600 hivi, na ya Kisongo wakati huo ilikuwa mita 1,600 na ushee. Ndege yenye uzito wa zaidi ya tani 100 ilifunga breki hadi mwisho kabisa wa lami, magurudumu yakaingia kwenye udongo laini na kuzama.

Hakuna aliyeumia. Wakazi walikimbilia uzio kuitazama, na picha zikasambaa kwenye simu jioni ileile.

Kwa mzazi, sehemu yenye funzo kubwa ni ile isiyoonekana kwenye picha hizo, yaani saa kadhaa abiria walizokaa ndani baada ya ndege kusimama. Mlango wa Boeing 767 uko kama mita nne kutoka ardhini, na Kisongo hakukuwa na ngazi ya kuufikia. Ikabidi wangoje.

Mtu mzima akingoja saa tatu kwenye joto atalalamika tu. Mtoto wa miezi minane ni habari nyingine. Mwili mdogo huishiwa maji haraka, na ndani ya ndege hewa ni kavu tangu mwanzo wa safari. Midomo ikikauka, mtoto akilia bila machozi, pampasi ikikaa kavu kwa saa nyingi, hizo ni dalili za upungufu wa maji mwilini. Anayenyonya anyonyeshwe mara kwa mara hata kama hajaomba. Anayetumia maziwa ya kopo abebewe ya ziada, yatoshe saa nne au tano zaidi ya muda ulioandikwa kwenye tiketi. Mkubwa kidogo apewe maji kidogo kidogo, na mzazi asione haya kumwita mhudumu kuomba.

Kukaa au kukimbia?

Agosti 2, 2005, ndege ya Air France aina ya Airbus A340 ilitua Toronto, Canada, katikati ya mvua ya radi. Nayo ilipitiliza njia, ikatumbukia bondeni na kuwaka moto. Ndani walikuwemo watu 309. Wote walitoka hai, kwa sababu walitoka mara moja.

Matukio haya mawili yanafanana jina tu. Pale Kisongo, abiria ambaye angejifungulia mlango na kuruka angejivunja miguu bila sababu. Kule Toronto, ambaye angekaa kungoja ngazi angeungua. Aliyeketi kwenye kiti hana namna ya kujua nje kuna nini. Anayejua ni mhudumu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi, ndege ikisimama vibaya, ni kumtuliza mtoto na kunyamaza ili asikie amri. Wengi hutazama simu wakati wahudumu wanatoa maelezo kabla ya kuruka. Hizo dakika chache zingetosha kuhesabu viti hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma, pamoja na mtoto. Watoto wa shule ya msingi huupenda mchezo huo.

Amri ikiwa ni kutoka, mizigo inaachwa. Toronto abiria wengi walichukua mabegi yao ingawa waliambiwa wayaache, na kila begi linazuia aliye nyuma. Hapa ndipo wazazi hukwama, maana dawa ya mtoto imo kwenye begi. Jibu ni rahisi: dawa ya pumu ya kuvuta, ya kifafa au ya kisukari ikae kwenye mfuko wa nguo au kifuko kidogo cha kuvaa mwilini, tangu kupanda hadi kushuka. Mtoto mchanga anabebwa kifuani kwa mikono miwili kwenye mtelezo wa dharura. Viatu vya kisigino vinavuliwa.

Kosa linaloonekana sana kwenye ndege zetu ni la mkanda. Mzazi anampakata mtoto na kufunga mkanda mmoja kuwazunguka wote wawili, akidhani amemlinda. Ndege ikisimama ghafla, uzito wote wa mzazi unamkandamiza mtoto kwenye mkanda. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inaruhusu mtoto wa chini ya miaka miwili kupakatwa, lakini inashauri awe na kiti chake cha usalama. Kwa familia nyingi nauli ya kiti cha ziada ni mzigo, hilo linaeleweka. Basi angalau mkanda uwe wa mzazi peke yake, na mtoto afungwe au ashikwe jinsi mhudumu atakavyoelekeza.

Hata wasiosafiri kwa ndege wanahusika. Aprili 15, 2008 mjini Goma, Kongo, ndege ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapitiliza na kuingia eneo la soko la Birere. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa chini, sokoni. Watoto wanaochunga au kucheza karibu na uzio wa uwanja wasizoeshwe kukaa kwenye ncha za njia.

Baada ya kishindo chochote cha namna hiyo, mtoto avuliwe nguo na kukaguliwa. Alama ya mkanda tumboni, hata kama analalamika maumivu kidogo tu, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwani utumbo au ini huweza kuumia bila jeraha la nje. Aliyevuta moshi apelekwe pia, kwa kuwa kukohoa na kubanwa kifua huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Na hofu nayo ina dalili zake. Mtoto anaweza kukojoa kitandani tena, kung'ang'ania mzazi au kuamka akilia. Siku za mwanzo hilo ni la kawaida. Asilazimishwe kusimulia, wala asichekwe na kaka zake. Likizidi mwezi mmoja, aonwe na daktari.

Ile Boeing ilipunguzwa uzito na, siku chache baadaye, ikaruka kutoka Kisongo bila abiria.