Kabla ya Kutoa Kizazi: Maumivu Yanatoka Wapi?

"Toa kizazi, maumivu yaishe." Ushauri huu husikika sokoni, kwenye chama cha akina mama na hata kwenye foleni ya kliniki. Kwa wanawake wengine ni ushauri unaofaa. Kwa wengine, kizazi hutolewa na maumivu hubaki palepale, kwa sababu hayakuwa yakitoka kwenye kizazi.

Chukua mfano wa mama wa miaka 38 aliyejifungua watoto wawili kwa upasuaji. Tangu upasuaji wa pili, sehemu ya chini ya tumbo humuuma. Maumivu humzidi anapoinua mtungi wa maji, anapokwenda haja kubwa na anapokutana na mumewe. Amepigwa picha ya tumbo mara tatu na kuambiwa hakuna kitu. Nyumbani wameanza kunong'ona kwamba anasingizia ugonjwa ili akwepe kazi. Sasa ameambiwa afikirie kutoa kizazi, na hajui aseme ndiyo au la.

Makala haya yanaeleza tatizo ambalo huenda ndilo linalomsumbua, yaani makovu ya ndani yanayoshikanisha viungo vya nyonga, na mambo ya kupima kabla ya uamuzi huo ambao hauwezi kutenguliwa.

MAKOVU YA NDANI NI NINI?

Viungo vilivyomo tumboni vimefunikwa kwa utando laini wenye unyevu. Ndiyo maana utumbo huteleza juu ya kizazi na kibofu cha mkojo bila kukwaruzana. Utando huo ukijeruhiwa, mwili huuponya kwa kutengeneza nyuzi za kovu. Wakati mwingine nyuzi hizo huunganisha viungo ambavyo havikupaswa kuungana: utumbo hushikamana na kizazi, ovari hushikamana na ukuta wa nyonga, au kibofu hushikamana na kovu la upasuaji wa uzazi.

Mambo yanayosababisha hali hii ni pamoja na:

• Upasuaji wa tumbo, kama vile wa kujifungua, wa kuondoa uvimbe wa kizazi, wa ovari au wa kidole tumbo. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wanaofanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo hupata makovu ya ndani.
• Maambukizi ya via vya uzazi, hasa kisonono na klamidia zisizotibiwa mapema.
• Endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi.
• Kidole tumbo kilichopasuka, au kifua kikuu kilichofika kwenye nyonga.

Watu wengi wenye makovu haya hawasikii chochote maisha yao yote. Wengine hupata maumivu ya muda mrefu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, au hushindwa kushika mimba kwa sababu mirija ya uzazi imekunjwa au kuzibwa. Kwa hiyo, kupatikana kwa makovu peke yake si uthibitisho kwamba ndiyo yanayouma. Daktari anapaswa kutafuta pia sababu nyingine.

KWA NINI PICHA HUSEMA "HAKUNA KITU"?

Picha ya ultrasaundi huonyesha vizuri uvimbe wa kizazi, uvimbe wa ovari na mimba. Nyuzi nyembamba za kovu kwa kawaida hazionekani humo. Mtu anaweza kuwa na picha safi na bado akawa na maumivu ya kweli. Jamaa na majirani wanapaswa kulifahamu hili kabla ya kumwita mgonjwa mwongo.

Njia ya uhakika ya kuyaona makovu ni kutazama ndani kwa kamera ndogo inayopitishwa kwenye tundu karibu na kitovu, mgonjwa akiwa amelala kwa dawa. Kipimo hiki huitwa laparoskopi, na hufanywa katika hospitali zenye vifaa na madaktari waliofunzwa. Kwa kuwa ni upasuaji, si kila mwenye maumivu huhitaji kukifanyiwa.

Kabla ya hapo kuna kipimo kimoja kisicho na gharama, nacho ni daftari. Kwa miezi miwili au mitatu, mgonjwa aandike kila siku maumivu yalikuwa kiasi gani kati ya 0 na 10, yalianza akifanya nini, na kama alikuwa kwenye hedhi. Maumivu yanayofuata hedhi huelekeza kwenye kizazi au endometriosisi. Yanayokuja pamoja na kufunga choo au kujaa gesi huelekeza kwenye utumbo. Yanayozidi wakati wa kukojoa huelekeza kwenye kibofu. Ukurasa wa namna hii humsaidia daktari kuliko kauli ya "tumbo linaniuma tu".

KUISHI NA MAUMIVU BILA KISU

Hakuna dawa ya kunywa, iwe ya hospitali au ya mitishamba, inayoyeyusha makovu ya ndani. Dawa za kuingizwa ukeni zinazouzwa kwa ahadi ya "kusafisha kizazi" haziyafikii, na zinaweza kuleta maambukizi mapya. Hata hivyo, maumivu yanaweza kupunguzwa.

Dawa za kutuliza maumivu husaidia zikitumiwa kwa ushauri wa mhudumu wa afya, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa tumboni hulegeza misuli. Kuzuia kufunga choo pia ni muhimu: maji ya kutosha, mboga za majani, maharagwe, mapapai na kutembea kila siku hupunguza mvutano kwenye utumbo ulioshikana.

Mtu aliyeumwa kwa muda mrefu huikaza misuli ya nyonga bila kujua, na misuli hiyo nayo huanza kuuma. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha mazoezi ya kuilegeza. Ikiwa maumivu yanaandamana na hedhi, daktari anaweza kupendekeza vidonge au koili yenye homoni. Hizi ni njia zilezile zinazotumika katika upangaji uzazi, lakini hapa hutumika kama tiba. Mazungumzo na mshauri nasaha pia yana faida, kwa kuwa maumivu ya miaka huchosha akili na kutikisa ndoa.

JE, MAKOVU YAKIKATWA?

Daktari wa upasuaji anaweza kuyakata makovu. Kuna hali ambazo hilo ni la lazima, kama utumbo ulioziba, na hali ambazo linaweza kusaidia, kama mirija iliyofungwa kwa mwanamke anayetafuta mtoto. Lakini kwa maumivu peke yake, matokeo si ya uhakika. Kila upasuaji unaweza kuzaa makovu mapya.

Mwaka 2003, madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 100 wenye makovu ya ndani na maumivu ya tumbo ya muda mrefu. Takriban nusu yao walikatwa makovu. Wengine walitazamwa tu kwa kamera na makovu yakaachwa. Wagonjwa hawakuambiwa walikuwa kundi gani. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na waliokatwa makovu hawakuwashinda wenzao.

KUTOA KIZAZI KUNASAIDIA NANI?

Kutoa kizazi ni tiba halali na huokoa maisha. Hufanywa mwanamke anapovuja damu isiyozuilika baada ya kujifungua, anapokuwa na aina fulani za saratani, au anaposumbuliwa na uvimbe wa kizazi na hedhi nzito iliyokataa tiba nyingine. Husaidia pia palipo na adenomiosisi, hali ambapo utando wa ndani wa kizazi huingia kwenye nyama ya kizazi na kuleta maumivu makali ya hedhi.

Kwa mwenye makovu ya ndani, mambo ni tofauti. Kizazi kikiondolewa, utumbo ulioshikana na ukuta wa tumbo unaweza kubaki umeshikana. Upasuaji wenyewe unaweza kuacha makovu mapya. Tena, viungo vilivyoshikana humfanyia daktari kazi kuwa ngumu, na hatari ya kujeruhi kibofu, mirija ya mkojo au utumbo huongezeka. Wapo wanawake wanaopata nafuu kubwa, hasa wale ambao pia wana ugonjwa kwenye kizazi chenyewe. Wapo pia wanaoendelea kuumwa.

Swali jingine ni la ovari. Kutoa kizazi si sawa na kutoa ovari. Ovari zikiachwa, homoni huendelea kutoka ingawa hedhi hukoma. Zikitolewa zote kabla ya umri wa kukoma hedhi, mwanamke huingia ukomo wa hedhi ghafla: joto la mwili, kukosa usingizi, ukavu ukeni, na baadaye hatari zaidi ya mifupa dhaifu na ugonjwa wa moyo. Huenda akahitaji dawa za homoni kwa miaka. Jambo hili liamuliwe kabla ya siku ya upasuaji.

Mlango wa kizazi nao unaweza kutolewa au kuachwa. Ukiachwa, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi lazima uendelee.

MASWALI YA KUMUULIZA DAKTARI

1. Ni ugonjwa gani hasa mnaotibu kwa kutoa kizazi changu, na mmeuthibitisha vipi?
2. Ikiwa maumivu yanatoka kwenye makovu au utumbo, upasuaji huu utayaondoa?
3. Kuna tiba gani ambazo sijajaribu, na nikisubiri miezi sita kutakuwa na madhara gani?
4. Mtatoa nini: kizazi, mlango wake, ovari?
5. Mtapasua tumbo, mtapitia ukeni au mtatumia kamera?
6. Kwa kuwa nimeshapasuliwa, hatari ya kibofu na utumbo wangu ni ipi, na kuna daktari wa kusaidia likitokea tatizo?
7. Nitalipa nini, na SHA italipa nini?

Mwanamke anayetaka kuzaa tena aseme mapema, kwa sababu baada ya upasuaji huu hawezi kubeba mimba. Na yule asiyetaka watoto zaidi asidhani kwamba hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutoa kizazi.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa panapowezekana. Anayo pia haki ya kukataa. Mwongozo wa kitaifa wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unatambua haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Kufanya hivyo si kumdharau daktari wa kwanza.

Fomu ya idhini hutiwa saini na mgonjwa mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Ni vyema mume na jamaa washirikishwe, kwa kuwa wao ndio watakaomuuguza, lakini uamuzi juu ya mwili wake ni wake.

BAADA YA UPASUAJI

Kwa kawaida mwanamke huhitaji wiki sita hadi nane kupona baada ya kupasuliwa tumbo. Katika muda huo hapaswi kuinua mizigo mizito. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na mzigo wa kuni huweza kuuzidi. Familia ipange mapema ni nani atakayechota maji, kukamua ng'ombe au kusimamia kibanda. Tendo la ndoa husubiri hadi daktari athibitishe kwamba kidonda cha ndani kimepona.

Maneno kwamba mwanamke aliyetolewa kizazi amekuwa "mtupu" au hawezi tena kuwa mke hayana msingi. Wengi huendelea na ndoa yao kama kawaida, na waliokuwa wakiumwa huweza kuifurahia zaidi.

DALILI ZISIZOSUBIRI

Mtu yeyote aliyewahi kupasuliwa tumbo apelekwe hospitali mara moja akiwa na maumivu makali ya kukaba yanayokuja na kuondoka, kutapika mfululizo, tumbo kuvimba, na kushindwa kupata choo au kutoa hewa. Huenda utumbo umeziba. Vilevile, mwanamke aliyekosa hedhi kisha akapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au damu ukeni anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi, hatari ambayo huongezeka mirija ikiwa na makovu.

MAHALI PA KUANZIA

Mwenye maumivu ya nyonga yaliyopita miezi sita aanze kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na daftari lake na karatasi za upasuaji wa awali. Akihitaji daktari wa magonjwa ya wanawake, atapewa barua ya rufaa. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji anaweza kumwelekeza.

Huduma za zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi kwa aliyejiandikisha na SHA. Upasuaji hospitalini huhitaji michango ya Bima ya Afya ya Jamii iwe imelipwa. Usajili hufanywa kwa kupiga *147#. Ni bora kumaliza usajili kabla ya kupangiwa tarehe ya upasuaji.

Yule mama wa miaka 38 huenda mwishowe akatolewa kizazi, au huenda akapata nafuu kwa fiziotherapia na dawa. Vyovyote iwavyo, hatua yake ya kwanza ni kurudi kwa daktari na kumuuliza swali moja: maumivu haya yanatoka wapi? Jibu likipatikana, ndipo uamuzi wa kizazi utakapokuwa na msingi.