Ramani Ina Maneno

Wengi wetu hudhani kuwa ramani ni kitu cha kutundikwa ukutani na kutazamwa siku ya mtihani wa jiografia tu. Nia yangu ni kuwaonyesha wasomaji kwamba mtu akiijua ramani, aweza kusoma humo historia, lugha na hesabu za watu, hata za hapa petu Mbarara.

Tuanze na historia. Mbarara iko dakika 37 kusini ya Ikweta. Digrii moja ya latitudo ina dakika 60, nayo ni kilometa 111 hivi; basi kutoka mjini hadi Ikweta ni kilometa kama 68. Sasa shuka kusini kwa kidole mpaka digrii 1 kamili. Kuelekea Ziwa Viktoria utaona mpaka wa Uganda na Tanzania umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na ndivyo ulivyopigwa. Mwaka 1890, huko Berlin, Waingereza na Wajerumani walipatana kuwa mstari huo uwagawanye. Wenyeji hawakuulizwa.

Tazama tena Mto Kagera. Mahali fulani mto hupita kusini ya mstari, ndani ya Tanzania, na kati ya mto na mstari pana kipande cha nchi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika kipande hicho, na Amin akadai kuwa ni cha Uganda. Tanzania ikapigana, Februari 1979 majeshi yake yaliteka Masaka na Mbarara, na Aprili Kampala ikaanguka. Sisemi kuwa mstari peke yake ulileta vita, lakini asiyeuona mstari hawezi kufahamu vita vilianzia wapi.

Sasa twende Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ambayo mpaka 2006 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Hapo palipokelewa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Leo wapo pia watu wa Kongo, Burundi, Somalia na Ethiopia. Chukua ramani ya Afrika, piga mstari kutoka kila nchi hadi Nakivale, na juu ya kila mstari andika lugha ya watu wake. Utafahamu mara moja kwa nini Kiswahili cha Kongo ya mashariki chasikika katika nchi ya Wanyankole.

Mwisho, hesabu. Nakivale ina kilometa za mraba 185 hivi na watu zaidi ya 100,000. Ukigawanya, utapata watu zaidi ya 540 kwa kila kilometa ya mraba. Uganda nzima, kwa hesabu ya watu ya 2024, ina karibu milioni 46 katika kilometa za mraba 241,000 pamoja na maziwa: yaani kama 190. Ukiipaka nchi yote rangi moja ya wastani, Nakivale hupotea machoni. Lakini wakimbizi hupewa vipande vya ardhi walime. Watu wakizidi, ardhi haizidi, wala kuni na maji. Kwa hiyo kabla ya kuiamini ramani, uliza: ni ya mwaka gani, imechorwa na nani, na kila rangi maana yake nini?

Nanyi wanafunzi wa zamani, mkiwa na ramani za kale za Ankole, msizitupe. Zileteni shuleni, tuzilinganishe na za leo.